Manjano, Kijani na Zambarau: Rangi Tatu Katika Chumba Kimoja



Wapenzi wasomaji, wiki hii naomba ruhusa yenu niyaweke kando maswali ya fiqhi niliyozoea kuyajibu, nizungumze juu ya rangi. Huenda mtu akauliza: sheikh na rangi za nyumba, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba rangi tatu ziliniondolea usingizi siku nane kabla ya nikahi ya binti yangu, na kosa lilikuwa langu. Nimeona niyaandike yaliyotokea, kwani katika msimu huu wa harusi ziko nyumba nyingi zinazopambwa, na pengine yupo baba mwingine aliyekwisha kushika brashi mkononi.

Binti yangu huyo ni kifungua mimba wetu. Baada ya nikahi, yeye na mumewe walikusudia kukaa kwetu kwa muda, katika chumba cha ghorofani. Alikichagulia chumba chake rangi tatu: manjano, kijani na zambarau. Mapazia ya zambarau na kitambaa cha kijani cha kutandikia kitanda alivishona mwenyewe kwa miezi miwili, usiku, baada ya kurudi kazini. Ukuta alitaka upakwe rangi nyeupe. Manjano aliikusudia kwa foronya mbili za mito, basi.

Mimi nikapita dukani, nikakuta rangi ya ukuta ya manjano, kali kama kiini cha yai la kienyeji, ikiuzwa nusu ya bei. Nikanunua makopo mawili ya lita 4, nikamwita fundi, na chumba kikapakwa binti yangu akiwa kazini. Nafsi yangu iliniambia: manjano si ameitaka mwenyewe?

Jioni ile mapazia yalitundikwa, kitanda kikatandikwa, naye akaitwa aje kutazama. Alisimama mlangoni. Rangi zote tatu zilikuwapo, tena zile zile alizozichagua, lakini jicho halikupata pa kutua. Ukuta ulikuwa ukipiga kelele. Mapazia, ambayo mkononi mwake yalikuwa na zambarau ya kupendeza, yalionekana meusi kama nguo za msiba. Kitanda cha kijani kilikaa katikati kama kitu kilichosahauliwa na wapagazi. Binti yangu alisema tu, "Ahsante, baba," akashuka ngazi.

Usiku mamake akaniambia kuwa mtoto analia. Badala ya kunyamaza, nilijibu kuwa mapambo ni jambo dogo, na kuulilia ukuta ni kukosa shukurani. Neno hilo lilipita mlangoni likamfikia. Ndilo ninalolijutia kuliko gharama ya rangi.

Mkeka wa shangazi

Siku ya pili yake alifika shangazi yangu kwa basi kutoka Lamu, amekuja kuhudhuria harusi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mimi niliyaona maana ya maneno hayo kwa macho yangu. Shangazi amesuka mikeka tangu utotoni. Siku hizi hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano pasipo kusaidiwa, lakini rangi bado huzipambanua kama kijana. Zawadi yake kwa bi harusi ilikuwa mkeka aliousuka mwenyewe.

Alipandishwa ghorofani kuonyeshwa chumba. Akatazama kimya, kisha akautandika mkeka wake sakafuni, akaketi juu yake. Wasomaji wangu wa pwani wanaujua mkeka wa namna hiyo: miyaa ya mkoma iliyochanwa na kuanikwa juani mpaka ikapauka, nyingine ikachemshwa katika sufuria yenye rangi ya unga, kisha ikasukwa ukili, na kili zikashonwa pamoja. Sehemu kubwa ya mkeka ule ilikuwa miyaa mitupu isiyotiwa rangi. Juu yake ilipita mistari ya zambarau, ikifuatana na mistari ya kijani, na hapa na pale alama ndogo za manjano.

"Mwanangu," aliniambia, "nani aliyempa manjano nyumba nzima?"

Nikamjibu kuwa ni mimi.

"Manjano ni mtu wa sauti kubwa. Mtu wa sauti kubwa hualikwa harusini, watu wakachangamka, lakini hapewi baraza lote akae peke yake."

Akamtuma mtoto uwani, ambako mke wangu amepanda mibiringani ndani ya madebe, amletee ua moja. Akanitilia mkononi. "Haya, wewe uliyesoma, nionyeshe manjano iko wapi."

Nililitazama ua la mbiringani ambalo nimelipita kila asubuhi kwa miaka mingi. Zambarau yake imetanda pande zote. Kijani iko nyuma, kwenye kikonyo, imelishika ua lote lisianguke. Manjano iko katikati, kidogo, imesimama kama mwali wa taa. Rangi ni zile zile tatu zilizonishinda chumbani, na hapa hapakuwa na ugomvi wowote.

Majina na tabia zake

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza na kusoma juu ya rangi hizi, na kila nilipoendelea niliona kuwa shangazi hakubahatisha.

Anza na majina yenyewe. Kiswahili hakikuzitafutia rangi hizi majina ya mbali. Manjano ni ile bizari inayotiwa kwenye mchuzi na kuganda kwenye kucha. Kijani ni jani. Zambarau ni tunda la mzambarau linaloacha alama kwenye ndimi za watoto. Rangi hizo zote zimetoka jikoni na uwani, mikononi mwa kina mama, kabla hazijafika kwenye makopo ya dukani.

Kila moja ina tabia yake. Manjano ndiyo nyepesi na yenye nuru kuliko rangi nyingine zote. Hulifuata jicho hata pale lisipotaka kutazama. Katika Qur'ani Tukufu, Suratul Baqara, ng'ombe wa Bani Israil ameelezwa kuwa wa manjano iliyokolea, yenye kuwafurahisha wamtazamao. Kijani ni rangi ya kupumzikia. Nguo za watu wa Peponi zimeelezwa katika Suratul Kahf kuwa za kijani, na si ajabu kuiona katika misikiti yetu mingi. Zambarau ni nzito na ya kina, iliyo karibu zaidi na giza; hukipa chumba heshima, lakini ikizidi hukitia huzuni.

Zambarau ina historia nyingine ya kuwavutia wanaopenda nguo. Jina lake la pili, urujuani, limetoka katika Kiarabu. Zamani, watu wa mji wa Tyre, katika pwani ya nchi inayoitwa leo Lebanoni, waliipata rangi ya aina hiyo kutoka kwa konokono wa baharini. Maelfu ya konokono yalitoa rangi kidogo mno, na kwa sababu hiyo nguo yake ikawa ya wafalme na matajiri. Kisha, mwaka 1856, kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Dawa hakuipata. Katika chombo chake alipata kitu chenye kutoa rangi ya zambarau, nacho kikafungua mlango wa rangi za viwandani. Leo mwanamke yeyote anaweza kuvaa zambarau bila kuwa mke wa mfalme. Kwa bei, rangi hizi tatu sasa zimekuwa sawa. Kwa tabia, hazijawa sawa, na hapo ndipo wengi wetu hukosea.

Kijani ndiye mshenga

Wachoraji hupanga rangi katika duara. Nyekundu, manjano na buluu huwa ndizo mama. Ukichanganya manjano na buluu utapata kijani. Ukichanganya nyekundu na buluu utapata zambarau. Katika duara hilo manjano na zambarau hukaa zikitazamana, kila moja upande wake, mbali kabisa na mwenzake.

Rangi zinazotazamana hivyo zina mambo mawili. Zikiwekwa ubavu kwa ubavu, kila moja humkoleza mwenzake: manjano huzidi kuwaka na zambarau huzidi kuiva. Ndiyo maana mapazia ya binti yangu yaligeuka meusi mbele ya ukuta ule. Zikichanganywa katika chombo kimoja, huuana, zikabaki rangi ya tope. Mwambie mtoto achanganye rangi zake za shule, ataliona hilo mara moja.

Kijani ina nafasi gani baina yao? Ndani yake imo manjano, na imo buluu. Na buluu hiyo hiyo imo ndani ya zambarau. Kwa hiyo kijani ina udugu na pande zote mbili. Ni kama mshenga anayejulikana katika nyumba zote mbili, awezaye kuingia huku na huku bila kubisha hodi kwa woga. Shangazi alinionyesha kwenye mkeka wake kuwa hakuna mahali mstari wa zambarau ulipogusana na manjano moja kwa moja. Baina yao alipitisha kijani, au aliacha miyaa mitupu. Aliniambia kuwa hivyo ndivyo alivyofundishwa na mamake, naye hakuwahi kuuliza sababu.

Kila mmoja na haki yake

Katika mwaka 1919 ilifunguliwa nchini Ujerumani, katika mji wa Weimar, shule ya usanii na ufundi iliyoitwa Bauhaus. Miongoni mwa walimu wake wa mwanzo alikuwa Mswisi mmoja, Johannes Itten, aliyeshughulika sana na somo la rangi. Itten alizichukua tarakimu zilizotolewa kabla yake na mshairi wa Kijerumani, Goethe, za kupima nuru ya kila rangi: manjano 9, kijani 6, zambarau 3. Kwa hesabu hiyo manjano ina nuru mara tatu ya zambarau.

Kisha akaonyesha kuwa, ili rangi zipatane, nafasi ya kila moja igeuzwe kinyume cha nuru yake. Iliyo na nuru nyingi ipewe nafasi ndogo. Hivyo basi, penye sehemu moja ya manjano pawe na sehemu mbili za kijani na tatu za zambarau. Kipimo hiki ni cha rangi zilizokolea. Ukiipunguza zambarau ikawa hafifu kama ua la asubuhi, au ukiituliza manjano ikawa kama maziwa ya ngano, hesabu hubadilika na unaweza kuongeza au kupunguza. Wala rangi nyeupe ya ukuta haihesabiwi humo. Hiyo ni uwanja ambao rangi nyingine huchezea. Majumba ya mawe ya kale ya Lamu yanatufundisha jambo hilo: kuta zake ni za chokaa nyeupe, na rangi zimeachiwa nguo, mikeka na vyombo.

Mimi niliyafanya yote kinyume. Rangi yenye nuru kuliko zote niliipa nafasi kubwa kuliko zote. Nilidhani uadilifu ni kumpa kila mtu kilicho mbele ya macho yangu, na hali uadilifu ni kumpa kila mwenye haki haki yake, kwa kadiri ya hali yake. Kanuni hiyo nimeifundisha madrasani kwa miaka mingi, na sikuitambua iliponijia ikiwa ndani ya kopo la rangi.

Ya kuzingatia nyumbani

Kwa kina mama na dada wanaopenda rangi hizi tatu, nimeyakusanya machache niliyojifunza.

Kwanza, anzeni na mlicho nacho. Ikiwa sebuleni mna busati la kijani, msilitupe. Tafuteni zambarau ya mapazia, na manjano iwe matakia mawili au chombo cha maua. Kipimo kile kinaokoa na mfuko pia, kwani rangi inayohitajika kidogo ndiyo inayochangamsha zaidi. Foronya mbili za manjano zinatosha kufanya kazi ambayo makopo yangu mawili hayakuiweza. Kununua zaidi ya hapo ni israfu isiyoleta uzuri.

Pili, leso. Kila leso ina pindo, mji na jina. Mnapochagua doti ya rangi hizi kwa ajili ya sare ya harusi, tazameni ni rangi gani imepewa mji, maana ndiyo itakayoonekana ukumbini wanawake mia wakiketi pamoja. Pindo la zambarau, mji wa kijani na vichipukizi vya manjano huleta utulivu. Mji wa manjano uliokolea humpendeza mmoja, lakini ukikusanya mia, macho huchoka. Kumbukeni kisutu cha zamani: nacho ni cha rangi tatu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakijachosha mabibi wala wajukuu, kwa kuwa kila rangi inajua mahali pake.

Tatu, kadi za mwaliko na matangazo ya madrasa. Maandishi ya manjano juu ya karatasi nyeupe hayasomeki, hasa na wazee. Zambarau juu ya nyeupe husomeka vizuri, na manjano juu ya zambarau vile vile. Jihadharini na kijani kilichoiva juu ya zambarau iliyoiva; zote mbili zina giza, na herufi huzama. Ipo njia nyepesi ya kujaribu: pigeni picha kwa simu, kisha iondoeni rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Ikiwa rangi mbili zimekuwa kijivu kimoja, moja kati yake iongezwe nuru.

Nne, mwanga. Kitambaa cha zambarau kinachopendeza mchana huweza kugeuka kahawia usiku chini ya taa yenye mwanga wa manjano. Kabla ya kununua majora, chukueni kipande kidogo, mkitazame mlangoni mwa duka mchana, na nyumbani usiku. Tena, jua letu la pwani halina huruma na mapazia ya zambarau. Yatieni bitana nyeupe upande wa dirishani yasipauke upesi.

Shubaka moja

Narudi chumbani kwa binti yangu. Asubuhi iliyofuata nilimwendea kabla hajatoka kwenda kazini. Nikamwambia kuwa nilikosa mara mbili: nilipopaka ukuta bila kumuuliza, na nilipoyaita machozi yake kukosa shukurani. Miezi miwili ya kushona usiku haikuwa jambo dogo, nami niliidharau kwa neno moja. Aliinamisha kichwa, akasema, "Yamekwisha, baba." Mzazi anayeomba radhi kwa mtoto wake hapungukiwi na kitu. Wako miongoni mwetu wanaodhani hupungukiwa, na nilikuwa mmoja wao.

Fundi akarejea. Manjano kali haifunikwi kwa urahisi. Ukuta ulipakwa rangi nyeupe mara tatu ndipo ukatulia, na rangi yangu ya nusu bei ikawa ghali kuliko rangi yoyote niliyowahi kununua. Mapazia yaliporudishwa yalikuwa zambarau tena. Kitanda cha kijani kikapata mahali pake baina ya mapazia na mito, mkeka wa shangazi ukatandikwa kando, na foronya mbili za manjano zikamaliza kazi.

Nilipopanda kutazama, niliona sehemu moja ambayo fundi hakuipaka. Lilikuwa shubaka dogo kando ya kitanda, ndani yake bado manjano kama kiini cha yai. Nikadhani amesahau. Fundi akaniambia kuwa bi harusi mwenyewe ndiye aliyemkataza, akasema hiyo ni rangi ya baba, na hapo ndipo atakapoweka taa.

Tunamwomba Allah Subhanahu wa Ta'ala azitie baraka nyumba zetu, azikunjue nyoyo zetu kuwasikiliza walio chini ya ulezi wetu, na aufanye uzuri wa majumba yetu uwe sababu ya upendo, si ya deni wala ya machozi. Amin.

Wabillahi tawfiq.